Kindi wa Usambara na vichaka vya Itigi: Nani yu hatarini zaidi?

Na Mwandishi Wetu, Singida

WATAALAMU wawili waliofariki pamoja katika ajali ya ndege mkoani Singida mwaka 1938 wameacha majina yao kwa mnyama na kwa mmea, na vyote viwili vinapoteza makazi.

Charles Swynnerton aliongoza idara ya utafiti wa mbung'o ya Tanganyika, yenye makao yake Shinyanga. Bernard Burtt alikuwa mtaalamu wake wa mimea.

Swynnerton anakumbukwa kwa jina la Kiingereza la kindi ajulikanaye kitaalamu kama Paraxerus vexillarius, aliyeelezwa mwaka 1923 kutokana na kielelezo cha Lushoto. Mnyama huyu haonekani nchi nyingine yoyote. Huishi katika misitu ya milimani, na msitu ukikatwa vipande vipande naye hubaki amefungiwa katika kipande chake.

Burtt yeye ana Burttia prunoides, mti mdogo wa vichaka vya Itigi, wilayani Manyoni. Vichaka hivyo vina urefu wa meta tatu hadi tano, navyo husongamana kiasi kwamba mtu hupita kwa taabu. Kiangazi hupukutisha majani yote, na pengine ndiyo sababu wengi huviita pori tupu.

Kwa kutazama haraka, kindi ndiye mnyonge. Hawezi kuchipua. Kichaka kikikatwa kwa shoka la mchoma mkaa, visiki vyake vingi hutoa machipukizi mvua zinaponyesha.

Lakini trekta ni jambo jingine. Mizizi ikishang'olewa ili kupanda mazao, hakuna kisiki cha kuchipua, na udongo wa Itigi, ambao hukauka na kuwa mgumu mithili ya saruji, haurudishi kichaka kwa urahisi.

Isitoshe, kindi ana watetezi. Misitu ya Usambara huhesabiwa kuwa vyanzo vya maji, na Magamba, jirani na Lushoto, ni hifadhi ya mazingira asilia. Vichaka havina mto wa kujivunia wala watalii, na sehemu yake kubwa iko nje ya hifadhi. Kwa kipimo hicho, mmea wa Burtt ndio ulio pabaya zaidi.

Vichaka vya aina hiyo vinapatikana pia Zambia, karibu na Ziwa Mweru Wantipa. Huko, sehemu kubwa imekwisha kufyekwa.