Kuosha Boti: Waya wa Stima Kwanza, Viti Baadaye



Mvua za masika zikianza kupungua, boti za watalii zilizolala chini ya maturubai tangu Aprili huanza kutayarishwa. Vijana wengi wa parokia zetu za pwani, kuanzia Mtwapa hadi Kilifi na Watamu, hupata kibarua cha kuziosha. Ni kazi ya halali na sisi wa ofisi ya maendeleo tumeihimiza. Lakini msimu uliopita kijana mmoja wa kikundi tunachokisaidia alirushwa na stima akipangusa waya kwa kitambaa kilicholowa. Aliangukia juu ya gati, si majini, na mkono uliokufa ganzi ukarudi baada ya saa chache. Tulipokaa na wenzake tuligundua jambo la kutuaibisha sisi wenyewe: tulikuwa tumewafundisha kusugua viti, na juu ya ule waya hatukuwaambia neno.

Waya tunaousema ni ule mnene unaotoka kwenye soketi ya gatini na kuingia botini, ili betri zichajiwe na friji ifanye kazi boti ikiwa imefungwa. Stima yake ni ile ile ya nyumbani, volti 240. Watu hudanganyika kwa sababu boti pia ina betri za volti 12, basi wanadhani kila waya wa boti ni wa kuchezea.

Tena waya huu hupata taabu kuliko ule wa nyumbani. Chumvi ikikauka juu yake haibaki kavu, kwa maana chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Unyevu huo ukiingia ndani ya plagi, pini za shaba hushika kutu ya kijani. Pini yenye kutu haigusani vizuri na tundu lake, na mahali pasipogusana vizuri hupata joto stima ikipita. Ndiyo sababu unakuta plagi imeungua na kuwa nyeusi ingawa hakuna aliyeiwasha moto. Birika moja la wati 2,000 linavuta karibu ampia 8. Ongeza chaja ya betri na friji, plagi mbovu itayeyuka polepole usiku watu wamelala.

Sasa, kabla ya kushika kitambaa, zima vyombo vyote botini, halafu zima swichi ya gatini. Chomoa upande wa gati kwanza, ndipo uchomoe upande wa boti. Wakati wa kurudisha ni kinyume chake: boti kwanza, gati mwisho. Sababu yake ni rahisi. Ukichomoa upande wa boti kwanza, unabaki umeshika mkononi ncha yenye stima, nawe umesimama juu ya mbao zenye maji.

Waya wenyewe huoshwa kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, sabuni ya vyombo kidogo na sponji laini. Vichwa vya plagi visitumbukizwe kwenye beseni hata kidogo. Lami na grisi zikikataa kutoka, rudia kwa sabuni. Usitumie petroli wala thina, maana huharibu ile plastiki ya juu, ikakauka na kupasuka. Upitishe waya wote mkononi polepole. Hapa macho hayatoshi, vidole ndivyo vinavyojua: palipochanika, palipovimba, palipolainika kwa joto. Uanike kivulini, ukiwa na mizunguko mipana.

Halafu tazama pini. Kijani kidogo ni kazi ya fundi wa stima, ataifungua na kuisafisha. Lakini ukiona rangi ya kahawia au nyeusi, au plastiki iliyokunjamana, acha hapo hapo. Vijana wetu walikuwa wakisugua pini kama hizo kwa msasa mpaka zing'ae, wakidhani wanamfurahisha mwenye boti. Kumbe walikuwa wanafuta alama ya pekee iliyoonyesha kwamba plagi inaungua. Mwenye boti akija anaona inameta, anachomeka, anakwenda zake. Plagi ya namna hiyo ni ya kubadilishwa, na kijana ana haki ya kusema, "Mzee, hii siigusi mpaka fundi aje." Tunajua si rahisi kumwambia hivyo mtu atakayekulipa jioni. Kwa hiyo tuliwashauri waseme kikundi kizima, siyo mmoja mmoja, na waandike kwenye daftari boti gani imeonekana na kasoro gani, tarehe gani. Mwenye boti mmoja alinung'unika sana. Wawili walinunua plagi mpya wiki ile ile.

Kuna jambo jingine linalotuudhi, nalo ni zile eksitensheni za nyumbani zilizotandazwa gatini, kiungo chake kikiwa kimefungwa mfuko wa nailoni. Mfuko hauzuii maji, unayahifadhi. Waya wa gatini unatakiwa kuwa wa kazi hiyo, wenye plagi ya mviringo isiyoingiza maji, mara nyingi ya rangi ya buluu. Na kwenye soketi pawe na swichi ya kinga inayojizima yenyewe stima ikivuja, ile ya miliampia 30. Waulizeni wenye gati kama ipo.

Wenzetu wa Kisumu na Naivasha wasidhani haya ni ya bahari tu. Stima ikivuja kwenye maji baridi ni hatari zaidi kwa muogeleaji kuliko baharini, kwa sababu mwili wa binadamu hupitisha stima kuliko maji ya ziwa, basi stima humpitia yeye. Misuli hukaza, anazama bila hata kupiga kelele. Watoto wasiogelee karibu na boti zilizochomekwa stima. Na ukimwona mtu ameshikwa, usimrukie. Kimbia kwenye swichi kwanza.

Tuje kwenye viti. Ile ngozi ya plastiki, kama ya viti vya matatu, ina mafuta ndani yake yaliyotiwa kiwandani ili iwe laini. Jua huyamaliza, na Jik huyamaliza upesi zaidi, tena uzi wa mshono hudhoofika. Kitaonekana cheupe leo, mwakani kimepasuka. Tumia sabuni ya maji na brashi laini, na suuza vizuri. Kuvu nyeusi huondoka kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu: paka, ngoja robo saa, sugua, suuza. Siki na Jik zisikutane kamwe, hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu, na chini ya turubai hakuna pa kupumulia.

Madoa ya rangi ya waridi hayatoki. Hayako juu, yametoka kwa viini vilivyoota chini, kwenye sponji, yakapenya. Mwonyesheni mwenye boti kabla hamjaanza kazi, asije akakata pesa zenu kwa ajili ya doa ambalo hamngeliweza.

Viti visimamishwe wima mpaka vikauke nyuma na mbele, maana vikifunikwa na unyevu kuvu itarudi.

Vikundi vinavyotaka tuwaletee fundi wa stima kwa mafunzo ya siku moja viache majina kwa katekista wao. Mje na waya mmoja wa zamani.