Mgeni na Sabufa Yake

Jumamosi baada ya alasiri huwa tunakutana Magomeni, nyuma ya kibanda cha fundi redio, watu sita au saba wenye ugonjwa mmoja. Huyu kaja na santuri kwapani, yule na amplifaya ya zamani iliyofunikwa kanga, mwingine kaja na masikio tu. Kahawa kwanza. Kisha ipo desturi tusiyoivunja: mwenye mashine hachagui wimbo, mgeni ndiye huchagua.

Desturi hiyo tuliipata kwa aibu. Kijana mmoja, dereva wa bodaboda, alifika na sabufa yake, ile ya spika mbili ndogo na taa zinazochezacheza, akatuamkia mmoja mmoja. Hajaketi bado, mtu akamwuliza, "Na hiyo nayo ni mziki?" Tukacheka, nami nikiwamo. Kijana akaukunja waya taratibu, akaaga. Fundi, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri, hakuinua macho kutoka kwenye redio aliyokuwa akiilehemu. "Mwenzenu kaleta mashine yake," alisema. "Nyinyi watatu hapo, leo mmeleta nini?"

Majivuno ya mashine yana lugha yake. Huulizwi unapenda muziki gani. Unaulizwa spika ni za kampuni gani, zimetoka wapi, kwa shilingi ngapi. Ukishajibu, umeshapangiwa pa kukaa. Tulikuwa na mwenzetu aliyeapa kwamba waya wake wa spika, alioletewa na ndugu yake kutoka Dubai, unafungua sauti. Fundi akatundika kanga mbele ya mashine, akabadilisha nyaya mara kadhaa bila kusema upi ni upi. Mwenzetu akausifu waya wa taa, ule wa kupimiwa dukani. Wa Dubai bado anao, nasi hatumkumbushi. Basi, hatumkumbushi kila wiki.

Wala si yeye wa kwanza kuchezewa na sikio lake. Kuanzia mwaka 1915 kampuni ya Edison kule Marekani ilikuwa ikisimamisha waimbaji jukwaani kando ya mashine ya santuri, taa zinazimwa, na wasikilizaji wengi wakakiri kwamba hawajui ni wakati gani mtu alinyamaza na mashine ikaendelea. Nayo Yamaha ilipotoa spika ya NS-10 mwaka 1978 iwe ya sebuleni, wajuzi waliiponda. Mafundi wa studio wakaichukua, na nyimbo nyingi zilizovuma miaka ya 1980 zilichanganywa kwa kusikilizwa kwenye spika hiyohiyo. Aliyeiponda alikuwa akizisikia nyumbani kwake kwa raha zake.

Kwetu huku, mashine haijawahi kuwa ya mtu mmoja. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, santuri zake hazikungoja kila nyumba iwe na gramafoni. Zilipigwa migahawani, na mwenye bei ya kikombe alizisikia sawa na tajiri.

Turudi kwa yule kijana wa sabufa: ilibidi fundi amfuate kijiweni. Kijana alirudi wiki ya tatu, akapewa kiti na nafasi ya kuchagua wimbo. Tulijiandaa kwa singeli. Akataka wimbo wa Marijani Rajab, kwa sababu babu yake alikuwa akimpenda. Sabufa ilikuwa imesukumwa pembeni kabisa, kwenye kona ya kuta mbili, na besi ikawa inanguruma kama lori linalopanda mlima. Fundi hakusema neno. Akaivuta hatua mbili mbele, akazipandisha zile spika ndogo juu ya kreti za soda mpaka usawa wa masikio, akazitenga kidogo. Gitaa la besi likaanza kutembea, noti moja baada ya nyingine, na sauti ya Marijani ikasimama katikati. Bendi za wakati wa Marijani zilirekodi Radio Tanzania wapigaji wote wakipiga kwa pamoja chumba kimoja, na leo hakuna anayeuliza vipaza sauti vyao vilikuwa vya bei gani.

Aliyemwuliza kijana swali lile la kwanza aliomba wimbo urudiwe. Gharama ya marekebisho ilikuwa kreti mbili, tena tupu.

Jumamosi tupo. Chochote ulicho nacho kinachotoa sauti, njoo nacho. Waya wa kuunganishia hautakosekana. Ukija mikono mitupu, pitia kahawa.