Mkutano wa Chama kwa Simu: Kunyamaza Si Kukubali

Ni saa mbili usiku hapa Sugoi. Ng'ombe wameshakamwa, ugali umeliwa, na simu imeegemezwa kwenye kikombe cha chai. Mkutano wa chama umeanza mtandaoni. Mwenyekiti anauliza, "Mnanisikia?" Wawili wanajibu. Mmoja picha yake imeganda. Mwingine yuko kwenye matatu akirudi kutoka mjini Eldoret. Waliobaki wamezima maiki, na hakuna anayejua kama wanasikiliza au wameacha simu mezani wakaenda kulala.

Mwishoni mwenyekiti anasema, "Basi tumekubaliana, ule mkopo utoke." Kimya. Asubuhi mweka hazina anatuma pesa. Kufikia jioni maswali yamejaa kwenye kundi la WhatsApp: "Mkopo gani? Nani alikubali?"

Je, chama chako kimewahi kufika hapo? Kama ndio, endelea kusoma. Leo tunaeleza jinsi ya kuendesha mkutano wa simu ambao watu wanashiriki kweli, na uamuzi wake unaweza kutetewa kesho yake.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Kazi yetu ni kusafirisha pesa. Mweka hazina akiandika namba sahihi, kiasi sahihi na PIN sahihi, pesa zinaenda. Sisi hatuwezi kujua kama wanachama walikubaliana au walinyamaza tu. Mfumo unaona PIN, hauoni mkutano. Kwa hivyo ulinzi wa kwanza wa pesa za chama uko kwenye kikao chenyewe, kabla mtu yeyote hajashika simu kutuma.

Vyama vingi Kenya vilijifunza kukutana kwa simu bila kupanga. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na mikusanyiko ikapigwa marufuku. Kutuma mchango kwa simu halikuwa jambo geni, kwani huduma hizo zilianza hapa nchini mwaka 2007. Kigeni kilikuwa kikao chenyewe. Korona ilipopungua, vyama vingi viliendelea hivyo kwa sababu wanachama wametawanyika. Mmoja analima mahindi Sugoi, mwingine ana duka Eldoret, mwingine yuko Nairobi, na mwingine ameajiriwa Doha.

Tuchukue mfano. Chama kina watu 14: 8 wako Sugoi, 3 Eldoret, 2 Nairobi na 1 Doha. Kila mmoja anachanga shilingi 2,000 kwa mwezi, jumla 28,000. Mwezi wa tatu, msimu wa kupanda ukikaribia, mwanachama anaomba mkopo wa shilingi 60,000 anunue mbegu na mbolea. Hiyo ni michango ya zaidi ya miezi miwili ya chama kizima. Akishindwa kulipa, kila mmoja wa wale 13 waliobaki amepoteza zaidi ya shilingi 4,600. Huo si uamuzi wa kupitisha kwa kimya.

1. Hesabu zitangulie, mkutano ufuate

Mikutano mingi huzima kwa sababu mweka hazina anatumia nusu saa kusoma nani amelipa na nani bado. Watu wanachoka, na mambo mazito yakifika hakuna anayesikiliza.

Tuma hesabu siku moja au mbili kabla. Pakua taarifa ya akaunti ya chama, kisha andika ujumbe mfupi: salio la mwanzo, kilichoingia, kilichotoka, salio la sasa, na wanaodaiwa. Chini yake andika maswali ambayo mkutano utajibu. Usiandike "Mambo ya mikopo". Andika "Je, tutoe mkopo wa shilingi 60,000, ulipwe kwa miezi mingapi, na mdhamini ni nani?" Mtu akijua anakuja kuamua nini, atakuja na jibu.

2. Chagua saa na njia inayomfikia kila mtu

Doha na Nairobi zina saa moja, kwa hiyo hapo hakuna shida. Mwanachama wa Dubai yuko mbele kwa saa moja. Saa mbili usiku ya Sugoi ni saa kumi na moja jioni London wakati wa baridi, na saa kumi na mbili wakati wa joto. Uliza kabla ya kupanga. Na usiite mkutano saa ya kukamua halafu ulalamike kwamba akina mama hawaongei.

Angalia njia pia. Simu ya WhatsApp inabeba hadi watu 32. Zoom ya bure inakatika baada ya dakika 40, na Google Meet ya bure baada ya dakika 60 mkiwa watatu au zaidi. Wengine huona hiyo ni hasara. Sisi tunaona ni msaada: panga mkutano wa dakika 40, ajenda tatu, basi.

Bando nalo ni pesa. Picha inakula bando kuliko sauti, kwa hiyo salimianeni kwa picha, kisha mzime kamera mbaki na sauti. Aliye na kabambe asiachwe nje. Akae na jirani mwenye simu ya intaneti, wasikilize pamoja. Lakini kila mmoja apige kura yake, si simu moja kura moja.

3. Ita majina

Swali la "Kuna mwenye maoni?" kwenye simu huleta kimya. Uso kwa uso ungemwona anayekunja uso au anayetikisa kichwa. Kwenye simu huoni kitu.

Kwa hiyo mwenyekiti awe na orodha ya majina mbele yake. Kwa kila uamuzi wa pesa, aite mmoja mmoja: "Mama Fulani, wewe waonaje?" Anza na wale wasiosema sana. Mwombaji wa mkopo na wakubwa wa chama waongee mwisho. Kijana akishasikia mzee amekubali, ni vigumu kumpinga, hata kama ana sababu nzuri. Na mtu akianza kuongea Kalenjin kwa sababu ndipo anajieleza vizuri, mwacheni, kisha mwingine awatafsirie wasioelewa.

Gawaneni kazi pia. Mmoja aangalie saa, mmoja aandike, mmoja afuatilie ujumbe wa waliokatika na mtandao. Mtu mwenye kazi hasinzii.

4. Hesabu kura, soma uamuzi

Aliyenyamaza amekubali? Hapana. Andikeni majibu matatu: ndiyo, hapana, hayupo. Aliyekatika mtandaoni ni "hayupo" mpaka ajibu. Kama chama kimesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kina katiba yake. Angalieni inasema nini kuhusu idadi ya wanaotosha kupitisha jambo. Msipofika idadi hiyo, ongeeni tu, msiamue.

Kabla ya kuaga, katibu asome uamuzi kwa sauti, kwa mfano: "Mkopo wa shilingi 60,000 umekubaliwa, utalipwa kwa miezi sita, wadhamini ni wawili hawa. Waliokubali 10, waliokataa 2, hawakuwepo 2." Kisha autume maneno hayo hayo kwenye kundi usiku uo huo.

5. Pesa zilale kwanza

Usitume pesa mkutano ukiendelea. Subirini angalau mpaka kesho yake, ili aliyekatika asome na aseme. Mbegu zitangoja siku moja. Pesa zikishatoka, mweka hazina aweke ujumbe wa muamala kwenye kundi, na mpokeaji athibitishe kwamba amepata. Hapo mzunguko umefungwa mbele ya macho ya wote.

Tahadhari tatu

Kwanza, matapeli wanapenda mikutano ya mtandaoni. Mtu akiandika kwenye kundi, "Nimebadilisha namba, tumeni huku," msitume. Mpigie kwa namba yake ya zamani, au mwombe anayemfahamu athibitishe kwa sauti.

Pili, ukionyesha wengine skrini yako, ujumbe wowote unaoingia wataona pia, hata wenye namba ya siri ya kuthibitisha. Zima arifa kwanza, au tuma picha ya hesabu badala yake.

Tatu, PIN haisemwi kwenye mkutano, hata kwa mwenyekiti, hata "kwa haraka tu". Na sisi hatutakuuliza PIN yako kamwe.

Na wanaofanya kazi kwa mtandao?

Wengine wenu mnafanya kazi za ofisi mkiwa nyumbani. Kanuni ni zile zile: taarifa zisomwe kabla, mkutano uwe wa kuamua, kila mtu aitwe kwa jina, na uamuzi uandikwe. Kama hakuna cha kuamua, ujumbe mmoja unatosha, mkutano hauhitajiki.

Huhitaji kubadilisha yote mara moja. Kwenye kikao kijacho jaribu jambo moja tu: ita majina. Utashangaa ni nani alikuwa na neno la maana muda wote huo, na hakuna aliyewahi kumuuliza.