Land Rover kuukuu: Lisipotengewa fungu, litakula shamba

MSIMU wa mavuno unapopamba moto katika milima ya Usambara, mkoani Tanga, tatizo la mkulima si kulima tena, bali ni kuufikisha mzigo sokoni kabla haujanyauka. Kabichi, karoti, nyanya na viazi mviringo kutoka vijiji vya ndani vya wilaya ya Lushoto ni lazima vifike kwenye lami, kisha vishuke kupitia Soni hadi Mombo, kwenye barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Katika barabara za udongo za huko juu, hasa wakati wa masika kati ya Machi na Mei, moja ya magari ambayo bado yanategemewa ni Land Rover la zamani, lile la 109 au 110, ambalo pengine lina umri mkubwa kuliko dereva wake.

Gari hilo lina sifa na lina lawama. Wapo waliosomesha watoto kwa Land Rover moja, na wapo waliouza sehemu ya shamba ili kulitengeneza. Tofauti kati ya makundi hayo mawili mara nyingi haitokani na gari lenyewe, bali na namna mwenye gari anavyopiga hesabu. Makala haya yanaangalia matengenezo ya kila siku ya gari hilo, gharama zake, na jinsi mkulima au mfanyabiashara mdogo anavyoweza kujua kama gari linamlisha au linamla.

Lilizaliwa kwa kazi za shamba

Land Rover lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Aprili 1948 katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, Uholanzi. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover ya Uingereza, aliyelibuni, alikuwa na shamba lake huko Anglesey, Wales, na alitaka gari la kufanyia kazi za shambani. Miaka ile, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, chuma kilikuwa kinatolewa kwa mgawo, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Ndiyo maana hadi leo unaweza kuona bodi za miaka mingi ambazo bado zimesimama.

Namba 109 ni urefu wa inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani karibu sentimita 277. Lile la 110 lilianza kutengenezwa mwaka 1983 likiwa na springi za kujiviringisha badala ya zile za majani, na mwaka 1990 likapewa jina la Defender. Gari la mwisho la ukoo huo lilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 2016. Mapenzi ya Watanzania kwa magari haya yalionekana Oktoba 2024, pale tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha lilipovuta mamia ya wenye magari. Lakini mapenzi ni kitu kimoja, na biashara ni kitu kingine.

Bodi nzima, chesesi imeoza

Wanunuzi wengi hudanganywa na macho. Wanaona bodi haina kutu, rangi mpya imepigwa, wanatoa fedha. Wanasahau kwamba chini ya bodi hiyo ya aluminiamu kuna chesesi ya chuma. Tope hujikusanya ndani yake, hutunza unyevu, na chuma huoza kutokea ndani kwenda nje. Sehemu za kuangalia kwanza ni ile ya nyuma kabisa inayopita upande hadi upande, na zile ambazo springi zimefungwa. Gari lililokaa pwani lichunguzwe zaidi kwa sababu ya chumvi.

Kabla ya kununua, ingia uvunguni na nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito kama ya boksi. Ukikuta viraka vimechomelewa juu ya viraka vingine, punguza bei au ondoka. Na kama gari tayari ni lako, lioshe uvunguni kwa maji mengi kila baada ya msimu wa mvua. Kazi hiyo ya nusu siku haina gharama kubwa kama kubadilisha chesesi.

Ubovu unaojirudia

Tatizo dogo linaloua injini kubwa ni kuchemsha. Fenibelti ikikatika mlimani, feni na pampu ya maji husimama. Dereva mwenye haraka huamua kujikongoja hadi kijiji cha mbele. Kabla hajafika, silinda hedi imepinda, gasketi imeungua na maji yameingia kwenye oili. Dalili yake ni oili kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Fenibelti ni bei ya kuku mmoja. Kufungua silinda hedi ni bei ya mbuzi kadhaa. Gari likichemsha, simama, zima injini, subiri ipoe. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, na usimwagie injini maji baridi kwa sababu chuma kinaweza kupasuka.

La pili ni springi. Land Rover 109 hubeba mzigo wa takriban tani moja. Lakini magunia yetu yanajulikana: ni lumbesa. Mwenye gari anadhani amepakia magunia 10 ya kilo 100, kumbe kila gunia lina kilo 130 na zaidi. Jani kuu la springi hukatika kwenye shimo la kwanza. Springi mpya ikifungwa, boliti zake zenye umbo la U zikazwe tena baada ya safari ya kwanza na ya pili, kwani zikilegea ekseli huanza kucheza.

La tatu ni shafti zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Dereva akiachia klachi kwa pupa akiwa amekwama na mzigo, shafti hukatika. Hapa 109 lina nafuu yake: fundi huchomoa vipande vilivyokatika, huingiza nguvu ya magurudumu ya mbele, na gari hujivuta polepole hadi nyumbani.

Jambo moja la hatari kwenye magari haya halijulikani kwa utingo wengi. Breki ya mkono haishiki magurudumu moja kwa moja, bali inashika propela shafti. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huachia na gari linaweza kuteremka hata kama breki ya mkono imevutwa. Kabla ya kutoa pancha, weka mawe au vigingi kwenye magurudumu yaliyobaki chini. Hilo si suala la fedha, ni la uhai wa kijana aliye uvunguni.

La nne ni dizeli chafu. Mafuta ya kununua kwenye madumu mara nyingi huja na maji na mchanga, navyo huharibu nozeli na pampu, ambazo ni miongoni mwa vipuri ghali zaidi kwenye injini. Acha dumu litulie usiku mzima, chuja kwa kitambaa safi, na mwaga maji yaliyojikusanya kwenye filta kila wiki. Dereva ajifunze pia kutoa upepo kwenye mfumo wa mafuta baada ya kubadilisha filta. Asiyejua hukaa barabarani siku nzima akimsubiri fundi kwa kazi ya dakika 15.

La tano ni breki. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani kadiri yanavyokaa. Kwenye mteremko mrefu kama ule wa Soni kwenda Mombo, ngoma za breki hupata moto, mafuta yenye unyevu huchemka, na dereva anakanyaga pedali isiyo na kitu. Badilisha mafuta hayo walau kila baada ya miaka miwili, na teremka kwa gia ndogo badala ya kuegemea breki. Kujazia oili ya injini au maji ya sabuni, kama wanavyofanya baadhi ya mafundi wa vichochoroni, ni kuweka roho za watu rehani. Oili hiyo huvimbisha mipira ya ndani na breki zikafa kabisa.

Mafundi hutania kwamba Land Rover likiacha kuvuja oili, ujue oili imekwisha. Utani huo una ukweli ndani yake. Kagua oili ya injini kila asubuhi, na ya gia boksi na difu kila mwezi.

Safari moja inaacha kiasi gani?

Sasa tuje kwenye hesabu. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu; kila mwenye gari aweke bei za mahali pake.

Tuseme gari linakwenda na kurudi kilomita 100, likibeba magunia 10 kwa Sh12,000 kila moja. Mapato ni Sh120,000. Dizeli lita 15 kwa Sh3,000 ni Sh45,000. Dereva na utingo ni Sh25,000. Zinabaki Sh50,000. Wengi huishia hapo. Fedha hiyo inaitwa faida, inaingia mfukoni, na jioni imekwisha.

Lakini gari hilo likifanya safari 10 kwa mwezi, kwa mwaka ni safari 120 na kilomita 12,000. Katika mwaka huo litadai matairi, tuseme Sh700,000, oili na filta, Sh360,000, springi, bushi, krosi na grisi, Sh600,000, breki, Sh400,000, klachi, Sh250,000, bima na ukaguzi, Sh300,000, akiba ya kufungua injini au gia boksi siku moja, Sh900,000, pancha, taa na kuchomelea, Sh90,000. Jumla ni Sh3,600,000. Gawanya kwa safari 120, unapata Sh30,000 kwa safari.

Kwa hiyo katika zile Sh50,000, Sh30,000 si zako, ni za gari. Faida yako ni Sh20,000, sawa na Sh200,000 kwa mwezi. Na kama gari lilinunuliwa kwa mkopo ambao marejesho yake yanazidi Sh200,000 kwa mwezi, shamba ndilo linalolisha gari.

Sasa tazama hasara ya siku moja ya kulala njiani. Kama mzigo ni wako mwenyewe, magunia 10 ya karoti, na kwa kuchelewa soko bei ikashuka kwa Sh20,000 kila gunia, umepoteza Sh200,000. Hiyo ni faida ya safari 10, yaani mwezi mzima wa kazi. Chanzo chake kinaweza kuwa fenibelti ya Sh15,000. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hali ni hiyo hiyo kwa kuzidisha mzigo. Magunia manne ya ziada yanaleta Sh48,000. Jani kuu likikatika na kutengenezwa kwa Sh120,000, unahitaji safari mbili na nusu za magunia ya ziada kulilipa, bila kuhesabu mzigo uliochelewa.

Fungu na daftari

Dawa ya kwanza ni fungu la gari. Kila safari, kabla fedha haijaingia nyumbani, Sh30,000 ziwekwe pembeni, iwe benki, Saccos au kwenye simu kwa laini isiyotumika kwa mambo mengine. Fungu hili lisiguswe kwa ada ya shule wala mbolea. Siku klachi itakapokwisha, hutauza mbuzi wala kukopa kwa riba kubwa.

Dawa ya pili ni daftari. Andika tarehe, kilomita, lita za dizeli, kipuri kilichobadilishwa, bei na jina la fundi. Baada ya miezi sita utaona mwenyewe kipuri kipi kinakufa mapema kuliko kawaida, na kama dizeli inaliwa na injini au na mtu. Fundi akikubadilishia kipuri, mwombe kile cha zamani. Utathibitisha kwamba kweli kimebadilishwa, na utakuwa na sampuli ya kwenda nayo dukani, kwani vipuri vya 109 na vya Defender vingi haviingiliani.

Dawa ya tatu ni sanduku la safari: fenibelti, mipira ya rejeta, filta ya dizeli, chupa ya mafuta ya breki, oili, dumu la maji, jeki, spana, waya na vigingi viwili vya mbao.

Lini uachane nalo?

Land Rover kuukuu linalipa pale ambapo barabara ni mbaya. Barabara ikichongwa vizuri na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017, Canter nayo itafika, itabeba zaidi na itashusha nauli ya gunia. Mwenye Land Rover aangalie hilo mapema, asisubiri wateja wamkimbie.

Kuna dalili nyingine tatu. Kwanza, daftari likionyesha kwa miezi sita mfululizo kwamba matengenezo yanazidi Sh50,000 kwa safari, kila ukitoka unapata hasara. Pili, chesesi ikioza mahali pa springi, uza au badilisha chesesi, usiendelee kuweka viraka. Tatu, kama una safari tatu au nne tu kwa mwezi, bima, matairi yanayozeeka na betri vitamaliza faida. Ni nafuu kukodi, au wakulima watatu kumiliki gari moja kwa makubaliano ya maandishi.

Anayefikiria kununua, na anayelo tayari, waanze na kazi moja wiki hii: kuandika safari 10 zijazo, mapato na matumizi yote, bila kuacha hata pancha. Gari la biashara halipimwi kwa mlio wa injini. Linapimwa kwa kile kinachobaki mkononi baada ya fundi, dizeli na fungu kulipwa.