Nani Anapima Nguvu za Babu?

Mwezi huu tunataka kuongea juu ya kazi ambayo vijana wetu wengi hawajaisikia. Ukiwauliza wanafunzi wa sekondari wanataka kuwa nani, utasikia daktari, mwalimu, dereva. Ni vigumu kumsikia mmoja akisema, "Mimi nitakuwa mtafiti wa wazee." Lakini kazi hiyo ipo, tena inatugusa sana sisi wakimbizi.

Elimu ya uzee inaitwa jerontolojia. Anayeisomea huchunguza jinsi mwili, akili na maisha ya mtu yanavyobadilika anapozeeka. Mwenzake ni mtathmini wa miradi ya afya. Huyu huangalia kama mradi umemsaidia kweli yule aliyekusudiwa.

Mfano tunao karibu. Baada ya Wanyarwanda wengi kukimbilia Tanzania mwaka 1994, watafiti Saskia Pieterse, Mary Manandhar na Suraiya Ismail walichunguza wazee 828 katika kambi moja ya wilaya ya Karagwe, wenye miaka 50 mpaka 92. Walipimwa uzito, mkono, na hata nguvu za kiganja. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba mzee aliyekonda alikuwa na kiganja dhaifu, hata ukimlinganisha na wenzake wa umri wake.

Sisi tumezoea kusema, "Ah, ni uzee tu." Kumbe mara nyingine si uzee, ni lishe. Na mkono usio na nguvu hauchoti maji, haupasui kuni, haubebi posho.

Sasa tuseme ripoti inasema unga wote umegawiwa. Mtathmini haishii hapo. Anafika kwa bibi anayeishi peke yake, anamwuliza: nani alikubebea? Ulimlipa nini? Kama alilipa kwa unga ule ule, basi kilo zilizoandikwa sizo zilizofika sufuriani.

Kijana anayeitaka kazi hii asikimbie hesabu na biolojia. Baadaye anaweza kupitia uuguzi, afya ya jamii au takwimu. Ada ni ngumu, tunajua. Lakini mazoezi hayangoji ada.

Mwaka 1963 daktari Mmarekani Sidney Katz na wenzake walitoa kipimo cha mambo sita, na mpaka leo kinatumika: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani au kwenye kiti, kuzuia haja, na kula. Basi jioni hii mpe mwanao daftari. Akae na babu au bibi, amwulize kwa heshima lipi analiweza mwenyewe na lipi anahitaji kusaidiwa. Mwezi ujao arudie. Mkiona jambo limebadilika ghafla, msinyamaze, mpelekeni kliniki.

Wahenga walisema, kuishi kwingi kuona mengi. Wazee wetu wameona mengi. Sasa ni zamu yetu kuwaona wao.