Dakika za Kwanza Ndani ya Handaki

Tarehe 24 Machi 1999, lori lililopakia unga na majarini liliingia katika handaki la barabara la Mont Blanc kutoka Ufaransa, likielekea Italia. Handaki hilo, lililofunguliwa mwaka 1965, hupita chini ya milima ya Alpi kwa kilomita 11.6. Lilipofika sehemu za katikati, lori lilisimama na kuwaka moto. Moto huo ulidumu saa 53. Watu 39 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa ndani ya magari yao.

Je, hapakuwa na mitambo ya ulinzi? Ilikuwapo. Ili kuelewa kasoro iliyotokea, yafaa kwanza tuelewe tabia ya moshi.

Moshi wa moto, kwa kuwa una joto, hupanda na kutambaa darini, ukiacha hewa safi chini yake. Tabaka hilo likipoa au likivurugwa, moshi hushuka na kuijaza njia nzima. Ndani yake mna monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huizuia damu kuchukua oksijeni. Kwa hiyo kupuliza hewa bila mpango huweza kuongeza maafa.

Siku ile handaki liliongozwa na vituo viwili, kimoja katika kila nchi. Uchunguzi wa pamoja ulionyesha kwamba, upande wa Italia, mfereji ambao ungeweza kugeuzwa ili uvute moshi ulitumiwa kupuliza hewa. Hapakuwa na amri moja.

Ulinzi wa handaki huanza kwa kutambua hatari. Kamera hutazama barabara. Vipima-moshi hurusha mwali wa nuru na kupima kiasi kinachofika upande wa pili. Waya zilizoviringwa na kufukiwa chini ya lami hupitishiwa umeme. Chuma cha gari huathiri umeme huo, na hivyo magari huhesabiwa na lililosimama hutambuliwa. Habari zote hukusanywa na kompyuta katika kituo, ambako msimamizi huwasha taa nyekundu, hufunga milango ya kuingilia na kuelekeza feni.

Handaki la Mont Blanc lilipofunguliwa tena mwaka 2002, liliwekwa chini ya kituo kimoja cha uongozi. Sasa moshi huvutwa kupitia matundu yaliyopangwa kila mita 100. Vyumba vya hifadhi viko kila mita 300, vikiunganishwa na njia ya kutorokea iliyo chini ya barabara. Malori hupimwa joto kabla ya kuingia.

Hata hivyo, mitambo haiwezi kumtoa dereva garini mwake. Aonapo moshi mbele, na azime injini, aache ufunguo mahali pake, na aende kwa miguu mpaka kwenye mlango wa hifadhi. Gari hununuliwa tena. Dakika iliyopotea hairudi.