Lindo Halina Dalali

Kila inapotangazwa siku ya kuandikisha makurutu wa polisi, baraza yangu hapa Mji wa Kale hujaa vijana kabla ya adhana ya alasiri, na kahawa haijamiminwa nikasikia swali lile lile ninaloulizwa tangu nilipostaafu utumishi wa kulinda majengo ya serikali: "Afande, siku hizi ni shilingi ngapi, na tumpe nani?" Hawaniulizi lindo ni kitu gani, wala usiku wake una saa ngapi, wala mtu hujitayarishaje miezi sita kabla, huuliza bei, kana kwamba sare ni kitambaa kinachopimwa kwa wari dukani. Nimechoka na swali hilo, wala uchovu wangu sitauficha, kwa kuwa limewafilisi watu ninaowapenda.

Sitasema kwamba rushwa haimo, maana nitakuwa mwongo. Tarehe 31 Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliubatilisha uandikishaji wa makurutu 10,000 uliofanywa mwezi wa Julai mwaka huo, baada ya mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi kushitaki kwamba zoezi lilikuwa limeingia hongo na hila. Watu huitaja hukumu hiyo kuwa ni dalili kwamba bila ya fedha hupati. Mimi huisoma kinyume, kwani siku ile aliyelipa na asiyelipa walirudi nyumbani mikono mitupu, tofauti yao ikawa ni kwamba mmoja alikwisha kuuza shamba la babake.

Na huyo walau alikutana na mla rushwa wa kweli. Wanaonijia mimi aghalabu wamekutana na dalali, na dalali hana mtu yeyote ndani. Nataka msomaji aielewe biashara yake, madhali nimeiona kwa karibu na siku zote huenda namna moja. Tuseme anapokea shilingi 200,000 kutoka kwa kila mmoja wa vijana kumi, naye sasa ana 2,000,000 mkononi. Siku ya zoezi hukaa kwake akanywa chai, asimpigie mtu simu. Wawili katika kumi hao, kwa miguu yao, meno yao na vyeti vyao, hufaulu, kama ambavyo wangefaulu pasipo yeye. Wanne, ambao jamaa zao ni wakali, huwarudishia fedha zao na kuomba radhi kwamba mkubwa amehamishwa ghafla. Wanne waliosalia huambiwa wasubiri orodha ya pili, wakasubiri mpaka wakakata tamaa. Amebakiwa na 1,200,000 bila ya kuinua kidole. Lakini uzito wa hadaa hii haumo katika hesabu, umo katika wale wawili: hao watakwenda mtaani wakiapa, kwa moyo safi, kwamba fulani ndiye aliyewaingiza, na mwakani watamletea vijana ishirini. Ushahidi wao si wa uongo, kwani hakika walilipa na hakika waliingia. Lililo batili ni kudhani kwamba la kwanza ndilo lililozaa la pili.

Mwaka juzi alikuja mama mmoja, mjane, amefunga barua ya mwanawe katika kipande cha kanga kama mtu afungavyo hirizi. Nikaifungua. Muhuri ulikuwa umechapwa pamoja na maandishi, haukugongwa juu yake. Jina la Embakasi, mahali palipo chuo, lilikuwa na s mbili. Na kijana aliamriwa afike chuoni siku ya Jumapili na shilingi 15,000 taslimu za "vifaa". Nilimweleza pole pole, akanitazama kwa muda, kisha akaikunja ile barua upya, pembe kwa pembe, akaifunga tena katika kanga. Vijana wenye barua za namna hiyo hukamatwa langoni mwa chuo, wakalala rumande badala ya bwenini, na sheria ya rushwa ya mwaka 2016 humtia hatiani mtoaji kama mpokeaji, adhabu ikifika hata miaka 10 kifungoni, au faini ya shilingi 5,000,000, au zote mbili.

Fauka ya hayo, anayeingia kwa hongo huingia katika kazi ambayo sehemu yake kubwa ni kukataa. Lindo ni kusimama, ni kuhesabu risasi moja moja mbele ya anayekupokea, ni kupitisha kioo chini ya gari la mia kwa makini yale yale ya gari la kwanza, na kumwambia mkubwa mwenye hasira kwamba hapiti mpaka jina lake lionekane kitabuni. Tarehe 7 Agosti 1998, lori lenye baruti lilipofika nyuma ya ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, mlinzi wa kizuizi, mtu wa kampuni ya binafsi asiye na bunduki, aliamriwa afungue akakataa, hata aliporushiwa guruneti. Watu 213 waliuawa katika mripuko ule. Lakini lori halikuingia chini ya jengo, na sitaki kufikiri idadi ingekuwaje lau lingeingia. Mtu aliyenunua nafasi yake atakataa nini?

Sasa yaliyo ya faida, kwa haraka. Kuandikishwa ni bure. Hakuna mlango wa kuingia moja kwa moja katika kikosi kinacholinda majengo na mitambo ya serikali. Hilo ni tawi la Polisi wa Utawala, na humo hupangwa konstebo aliyekwisha hitimu mafunzo, basi anza na ukonstebo. Uwe raia, umri baina ya miaka 18 na 28, na alama ya D+ au zaidi katika mtihani wa kidato cha nne. Chukua vyeti vya asili, si nakala, pamoja na kitambulisho. Kimbia alfajiri kuanzia leo, kwenye mchanga ukiweza. Jino linalouma likatazamwe sasa, kwani meno hukaguliwa. Ukikosa, iko idara ya magereza, wako askari wa wanyamapori na wa misitu, na kwa mtoto wa pwani ajuaye bahari kipo kikosi cha walinzi wa pwani kilichozinduliwa Liwatoni mwaka 2018. Na atakayepata barua na ailete barazani baada ya alasiri kabla ya kumpa mtu senti, tuiweke juani tuukague muhuri pamoja.